Kimya Nilichokikata

Kosa langu nililifanya mapema, kabla sijajua kwamba kazi kama yangu inaweza kumdhuru mtu: nilikata kimya. Nilikikata kwa uangalifu, kipande kwa kipande, kwa siku mbili, kisha nikasikiliza kilichobaki mara nyingi kuliko ilivyohitajika, nikaridhika. Hata sentensi hizi nimeziandika upya mara tisa. Najijua. Ningekuwa mvivu kidogo tu, baba yangu angefikishwa Dar es Salaam miaka miwili kabla.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimepanga chumba Isevya, Tabora mjini, nikirekodi kwaya, harusi na matangazo ya maduka. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa kutazama video za mtandaoni na kwa kuharibu, nikitumia kompyuta iliyokuwa imekwisha kutumiwa na watu wawili kabla yangu. Nilitundika mablanketi ukutani ili sauti isirudi. Jambo la kwanza nililogundua ni kwamba watu wakinyamaza, chumba hakinyamazi. Ndipo unaposikia bodaboda, jogoo wa jirani, mtu anayekohoa nyuma ya kwaya. Kila palipokuwa na kimya palikuwa na uchafu, na mimi uchafu siuwezi. Ninaweza kurudi nyumbani kutoka stendi kuhakikisha kama nimefunga mlango niliokwisha kuufunga. Basi nikawa nakata. Wateja walipenda. Waliniita fundi wa kusafisha.

Baba alikuwa mkulima wa tumbaku Usoke, na kila Jumapili alipuliza tarumbeta kubwa la besi kwenye bendi ya usharika wetu. Bendi hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu ya kwanza. Nilipompelekea rekodi aliisikiliza kwenye simu, kichwa akiwa amekilaza upande.

"Nzuri," alisema. "Ila mbona hatuvuti pumzi?"

"Nimeziondoa, baba. Zilikuwa zinasikika kama mtu anaburuta gunia."

"Sasa watasema tulikufa tukaendelea kupiga."

Nilicheka. Nilidhani ananisifu kwa njia yake.

Baba alikoroma, na Usoke nzima ilijua. Nyumba yetu haiko mbali na reli. Jirani yetu alikuwa fundi cherehani, Mzaramo aliyeshuka kwenye treni miaka mingi kabla sijazaliwa na hakupanda tena. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani. Kwetu wanasema utani huo ulianzia kwenye njia ya misafara, babu zetu walipobeba mizigo kwenda pwani na kulazimika kupita kwao. Mtani anaweza kukutania mbele ya mkweo, na wewe huna ruhusa ya kukasirika.

"Jana nimefunga virago nikakimbilia stesheni," fundi alikuwa akimwambia baba asubuhi, huku ameshika mkasi. "Nikajua ya Kigoma imeingia. Kumbe Mnyamwezi kalala!"

"Ungepanda tu, ukatupisha."

"Nipande nini? Treni yenyewe mbovu. Inakwenda, inakwenda, halafu inasimama porini. Kimya. Abiria tunashikana mikono, tunasali. Tukishakata tamaa ndiyo inafyatuka: khooo!"

Watu walicheka mpaka wakafuta machozi, na baba alicheka kuliko wote. Maneno hayo niliyasikia labda mara mia moja. Yote yalikuwa mle ndani, na hakuna hata mmoja wetu aliyeyachukua kuwa ni habari.

Mama hakucheka. Alikuwa na neno lake moja. "Baba yenu anakatika," alikuwa akisema. Tulimjibu kwamba amechoka, tumbaku inachosha. Ni kweli alikuwa amechoka, lakini kwa namna isiyoeleweka. Alisinzia kanisani tarumbeta likiwa mapajani. Alisinzia mbele ya wageni, tonge likiwa mkononi. Aliamka kila siku kichwa kinamuuma, akakaa ukingoni mwa kitanda kama mtu aliyebeba mzigo usiku kucha. Wengine walisema anakunywa kwa siri, yeye ambaye pombe hakuijua ladha. Wengine walisema ni jinamizi linamkaba.

Mwishowe mama alimleta hospitali mjini. Daktari alikuwa kijana, macho yake mekundu kwa kukosa usingizi. Alimsikiliza mama, akasema, "Mrekodini kwa simu akiwa amelala. Mniletee, nisikie huko kukatika." Tulipotoka nje baba alinipiga bega. "Kazi yako hiyo," alisema.

Simu! Niliona kama tusi. Nilipanda treni kwenda Usoke na kipaza sauti changu bora, nikakitundika kwenye mti wa chandarua, nikajaribu mkao wake mara sita, nikaenda kulala sebuleni. Asubuhi nilikuwa na saa nane za sauti. Nilirudi nazo Isevya, nikajifungia.

Kwenye skrini sauti huonekana kama mchoro. Kukoroma kwa baba kulikuwa kama safu ya vilima. Baada ya vilima kulikuwa na mstari mnyoofu, mrefu, kisha kilima kimoja kikubwa kuliko vyote, kisha vilima vya kawaida tena. Ilikuwa hivyo usiku wote. Na karibu kila mstari mnyoofu ulikuwa na alama ndogo mwishoni, sauti ya mama akinong'ona kitu. Sikusikiliza anasema nini. Nilijiambia daktari ana foleni, hawezi kukaa na saa nane, nimpe dakika ishirini zilizo safi. Nilikata mistari minyoofu. Nilikata minong'ono. Kile kilima kikubwa nilikipunguza kwa sababu kilipasua masikio. Nikaunganisha kilichobaki kwa ustadi mkubwa, mahali pa kuunganishia pasisikike. Hapakusikika.

Daktari aliweka vipokea sauti vyangu masikioni, akafumba macho.

"Mmetumia simu gani hii?"

"Si simu, daktari."

"Nimeona. Sauti safi sana." Alisikiliza mpaka mwisho. "Basi mzee anakoroma, tena kwa nguvu, lakini ni mfululizo. Sisikii pumzi ikikatika."

"Lakini anakatika, daktari," mama alisema. "Mimi niko pale."

"Mama, nimesikiliza yote."

Baba aliambiwa apunguze chumvi, apunguze uzito, alale ubavu. Mama alinigeukia. Alinitazama kwa muda, akisubiri niseme neno. Na mimi, ninaona haya kuliandika hili, nilikuwa nimeshiba furaha kwa sababu mtu aliyesoma amesifu sauti yangu. Sikujua hata kwamba kipo cha kusema.

Usoke baba alitembea nyumba hadi nyumba. "Daktari kasema nakoroma vizuri!" Fundi cherehani akamjibu kwamba sasa ana cheti, atudai nauli.

Miaka miwili ikapita. Msimu wa pili, baba akilinda moto wa bani, kile kijumba tunachokaushia tumbaku, usingizi ulimchukua akiwa ameketi juu ya gogo. Kuni zilisogea, moto ukapanda, majani yote yakaungua na mkono wake wa kulia ukaungua alipojaribu kuokoa. Majirani hawakumlaumu usoni. Mama alimfunga mkono kwa kitambaa, akasema lile neno lake, na safari hii alilisema kwa sauti ya mtu aliyechoka kulisema. Miezi michache baadaye mdomo wa baba ulipinda asubuhi akinywa uji. Kiharusi. Mdomo ulirudi, lakini mkono wa kushoto haukurudi sawasawa, na tarumbeta hakulishika tena.

Hapo alimwona daktari mwingine mjini, mama mtu mzima. Hakuomba rekodi. Alimuuliza mama, "Anakatika vipi?" Mama akavuta pumzi, akaibana, akakaa. Alikaa hivyo mpaka mimi nikataka kumshika bega. Kisha akaiachia. Daktari aliandika barua ya kwenda Dar es Salaam kwa ajili ya kipimo cha usingizi. Sikuwa nimewahi kusikia kwamba usingizi unapimwa.

Chumba cha kipimo kilikuwa kama chumba cha wageni, kitanda kimoja na pazia la maua. Mtaalamu alikuwa dada wa rika langu. Alimbandika baba nyaya kichwani kwa gundi nyeupe, akamfunga mkanda kifuani na mwingine tumboni, akamwekea kibanio kidoleni na mrija mwembamba puani.

"Shikamoo tu hukunipa sawasawa," baba alimwambia, "unanifunga kama robota la tumbaku."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Na utanipa daraja, kama tumbaku sokoni?"

"Daraja nitakupa asubuhi."

Nilikaa kwenye benchi la korido. Kulipopambazuka aliniita. Baba alikuwa ameketi kitandani akila mkate, gundi bado imeganda kwenye mvi zake. Dada aligeuza skrini kwetu. Kulikuwa na mistari mingi, mmoja wa ubongo, mmoja wa moyo, mmoja wa kifua, mmoja wa hewa inayopita puani.

"Tazama hapa," alisema. "Kifua kinahangaika, kinavuta, lakini huu mstari wa hewa umelala. Koo limejifunga. Damu inakosa hewa safi, moyo unasukuma kwa shida, mwisho ubongo unashtuka kumwokoa. Hapo ndipo anapofyatuka. Halafu anarudi usingizini na inaanza tena, usiku kucha. Yeye hakumbuki. Kukoroma ni kelele tu. Ugonjwa wenyewe uko hapa kwenye kimya."

Aliweka kidole juu ya mstari mnyoofu. Niliutambua kama unavyoutambua mwandiko wako.

"Hamkuwahi kumrekodi nyumbani?" aliuliza. "Hata kwa simu? Hata simu tu ingeonyesha hiki."

"Huyu alinirekodi!" baba alisema, kinywa kina mkate. Alininyooshea mkono ule mzima. "Na si kwa simu. Kwa vyombo vya maana. Daktari akasema nakoroma mfululizo."

Alisema kwa fahari. Dada alinitazama. Nilisema, "Ndiyo."

"Haya, daraja langu?"

"La mwisho kabisa, baba. Lakini linatibika."

Tulirudi na mashine ndogo, mrija, na barakoa ya kufunika pua. Mashine husukuma hewa polepole ili koo lisijifunge. Juma la kwanza baba aliivua kila usiku. Alisema ni kama kupumulia ndani ya chupa. Umeme ulikatika usiku wa tatu akaamka akitafuta hewa, akaapa haivai tena. Nilifunga betri na paneli ya jua, nikapima nyaya mara kumi na mbili, nikalala mlangoni kwao kama mlinzi. Asubuhi ya siku ya kumi nilimkuta ameketi barazani, ametulia kwa namna nisiyoijua.

"Nimeota," alisema.

"Umeota nini?"

"Naendesha baiskeli kwenda Kaliua." Alifikiri. "Na nimefika."

Alikuwa hajaota kwa miaka. Siku zile hakusinzia. Alisimulia hadithi mpaka mwisho. Alimwita fundi cherehani aje wakae, akamwambia treni imepelekwa karakana. Aliyeteseka alikuwa mama. Chumba kilikuwa kimya, mashine inapumua kama paka, na yeye hakuweza kulala. Aliinuka, akaweka kiganja kifuani kwa baba, akakiacha hapo mpaka kifua kimepanda na kushuka mara kadhaa, akajilaza, akainuka tena.

Rekodi ghafi nilikuwa nayo. Mtu kama mimi hafuti. Niliporudi Isevya niliifungua, na kwa mara ya kwanza niliisikiliza bila kugusa kitu, saa zote nane. Minong'ono ile ya mama ilikuwa sentensi moja. Baba ananyamaza, kimya kinakuwa kirefu, halafu mama anasema, "Vuta pumzi, mzee." Wakati mwingine ananong'ona, wakati mwingine anasikika kama yuko nusu usingizini, wakati mwingine analia. Usiku mzima. Sijui ni miaka mingapi.

Mwezi wa tatu wa mashine nilikwenda Usoke kusema. Ilikuwa mchana. Baba alikuwa barazani akimenya karanga kwa mkono mmoja, mama yuko jikoni. Nilieleza vibaya, nikaanza upya, nikaeleza tena.

"Kwa hiyo uliondoa nini?" aliuliza.

"Kimya."

"Kimya si hakuna kitu?"

"Nilidhani hakuna kitu."

Aliendelea kumenya. Nilisema kwamba kama daktari angekisikia, kipimo kingefanyika mapema, na labda yale ya bani yasingetokea, wala ya mkono, wala kiharusi. Alinizuia. "Nipe nisikie," alisema.

Nilimwekea vipokea sauti. Alisikiliza akitabasamu, maana hakuna mtu ajuaye kukoroma kwake. Tabasamu likapungua. Nilijua amefika kwenye kimya. Kisha nikaona uso wake ukibadilika na nikajua amefika kwa mama. Alisikiliza muda mrefu, mkono wake juu ya karanga. Alipovua alisema taratibu, "Na sauti ya mama yako uliikata pia?"

"Niliikata."

"Kwa nini?"

"Ilikuwa kelele, baba."

"Kelele," alisema.

Aliinuka, akaenda jikoni. Baba yangu hakuwa mtu wa kukaa jikoni, na mama alimuuliza kama anatafuta kisu. Alivuta kigoda akaketi kando ya moto. Alikaa hapo mpaka chakula kikaiva. Sikusikia wakizungumza. Hakunigombeza siku ile wala baadaye, na wala hakuniambia yamekwisha. Tuliagana stesheni kama kawaida, akaniambia nisisahau kula.

Mwezi wa tano wa mashine alifariki. Haikuwa usingizini. Ilikuwa asubuhi, akitoka kanisani ambako alianza kuwafundisha vijana besi kwa kuwaimbia, kwa kuwa hakuweza kupuliza. Kiharusi cha pili. Daktari mama mtu mzima alituambia mashine ilifanya kazi yake, lakini moyo na mishipa vilikuwa vimeteseka muda mrefu kabla. Sikumuuliza muda gani. Sehemu ya muda huo ninaijua vizuri.

Siku ya mazishi fundi cherehani alikuja kufanya haki yake ya utani. Alivaa kofia ya baba, akajilaza kwenye mkeka katikati ya uwanja, kwenye njia ya jeneza.

"Hapiti mtu!" alitangaza. "Mnyamwezi kalala. Msimwamshe, atawadai tumbaku!"

Akaanza kukoroma. Alikuwa hodari. Watu waliokuwa wakilia walianza kucheka, hata vijana wa bendi waliinamisha matarumbeta yao wakicheka. Vilima, vilima, vilima. Kisha akanyamaza.

Alikijua kile kimya. Alikuwa amekisikia kupitia dirishani miaka yote, na alikishika kwa urefu wake halisi, bila kupunguza. Watu walisubiri, vicheko vikiwa bado midomoni. Kimya kikaendelea. Na kutoka kwa wanawake waliokaa chini, mama, ambaye sidhani kama alijua kwamba anazungumza, alisema:

"Vuta pumzi, mzee."

Hakuna aliyecheka tena. Fundi aliketi, akavua kofia ya baba, akaishika kwa mikono miwili. "Nisamehe, shemeji," alisema. "Mimi nilidhani ni mzaha." Alihama njiani. Jeneza likapita.

Baada ya siku za matanga nilimweleza mama nilichokata. Alinisikiliza. Alisema, "Nilijua pale kwa daktari. Nilijua sauti yangu haimo, maana angeisikia angeuliza ni ya nani. Nilidhani umeona aibu nisikike." Hilo ndilo lililoniliza.

Nilikwenda pia kwa yule daktari kijana, nikamwambia. Aliomba rekodi ghafi, akaisikiliza sehemu. Sasa akimwambia mtu arekodi, anamwambia pia asikate kitu.

Bado narekodi kwaya Isevya. Pumzi zao ninaziacha. Nikipewa sauti ya mtu, naisikiliza yote mpaka mwisho kabla ya kugusa chochote, na ya mgonjwa siigusi kabisa. Mama anaishi nami. Huamka mara nyingi usiku, akakaa kitandani akisikiliza, na siku hizi nami huamka, nikamwita kutoka chumba changu ili ajue kwamba ninapumua.